Ndama Aonje Kwanza

Siku ya kuagwa kwangu, mshereheshaji alinipa dakika tano za kusema neno, akanikatisha kwenye ya tatu kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Nilipewa vitenge viwili, saa ya ukutani na cheti chenye jina langu lililokosewa herufi moja. Nikashukuru, nikakaa, nikala. Lakini neno lenyewe lilibaki kooni. Nyinyi vijana mliopokea kazi mliniomba niandike uzoefu wangu muuweke kwenye kundi lenu la wasapu. Haya, nauandika. Msitegemee habari za vyeo na mishahara, maana hizo hazimsaidii mtu kuzalisha ng'ombe. Nitawaambia habari za mama na ndama wake, na nitaziandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kabla ya ile hafla nilikabidhi mali ya ofisi: buti, koleo la kuhasia, kipimajoto, mabomba mawili ya sindano na pikipiki isiyowaka. Kitu kimoja kwenye orodha sikukikabidhi, nacho ni ufunguo wa banda la ndama la Titye. Mtunza stoo akaandika "haujaonekana". Ulikuwa unaonekana vizuri tu, ulikuwa ndani ya mkoba wangu, nami nilikuwa nimeukalia. Nitaufikia.

Nilianza kazi kwenye kituo kidogo cha mifugo nje ya mji wa Kasulu. Nilikuwa na cheti kipya cha chuo, buti zilizonizidi namba mbili, na imani kubwa mno juu ya daftari langu. Aliyenipokea ni Mzee Bitaliho, mkamuaji wa kituo, mtu wa Murungu kule Kibondo, mfupi, mkimya, asiyejua kusoma na asiyeona haya kulisema hilo. Kwenye karatasi za ofisi yeye alikuwa kibarua na mimi msaidizi wa mifugo, maana yake nilikuwa mkubwa wake. Asubuhi ile ile nikaamua kumwonyesha ukubwa wenyewe.

Nikachukua ndoo, nikakaa ubavuni mwa ng'ombe wetu wa Kiha, wale wa pembe ndefu, mwenye kiwele kilichojaa. Nikaosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, nikazipaka samli, nikavuta kama nilivyofundishwa. Nikavuta karibu robo saa, nikapata povu la kulowesha kidole. Mzee Bitaliho alikuwa ameegemea nguzo, ananitazama bila kucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Binti," akasema, "unamwomba kwa jina la nani?"

"Simwombi mzee, namkamua."

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Endelea basi."

Ng'ombe akapiga teke, ndoo ikaenda ukutani na mimi nikaenda kwenye kinyesi. Mzee hakunisaidia kuinuka. Alikwenda kwenye kizizi cha pembeni akaondoa miti ya mlangoni, ndama akatoka mbio hadi chini ya mama yake, akagonga kiwele kwa kichwa mara mbili tatu. Yule ng'ombe akageuza shingo, akamnusa ndama penye shina la mkia, akatoa sauti ya chini ambayo chuoni hakuna aliyewahi kuniambia ipo. Nikaziona chuchu zote nne zikijaa mbele ya macho yangu. Mzee akamwacha ndama anyonye kidogo, kisha akamvuta taratibu, akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama ili mama aendelee kumlamba, akakamua chuchu tatu. Ya nne hakuigusa. Alipomaliza akamfungua ndama amalizie.

"Ndama anaonja kwanza," akaniambia, "na ndama anamaliza. Sisi tunapita katikati, tena kwa adabu."

Nililiandika kwenye daftari, kisha nikalikata kwa sababu halikufanana na maandishi ya kitaalamu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kazini, na yale makubwa yote yaliyofuata yalitoka humo humo.

Nikakaa na mzee yule miaka minne. Alinifundisha kumwacha mama alambe mwenyewe mara tu anapozaa. Mimi nilikuwa nakimbilia na gunia kukausha ndama, yeye ananishika mkono. "Fungua pua tu, apumue. Kulamba si kazi yako." Katika kulamba ndiko mama anapomjua mwanawe kwa harufu, na akishamjua, unaweza kuleta ndama ishirini wa rangi moja, atampata wake akiwa amefumba macho. Asipomjua katika saa ile ya kwanza, una shughuli. Hayo siku hizi yameandikwa vitabuni. Mzee Bitaliho alikuwa anayajua kwa kukaa nayo.

Somo la ngozi nalo lilikuja siku ndama mmoja alipoumwa na nyoka akafa. Mama yake alisimama pale alipoangukia mwanawe, hali, hanywi, kiwele kimekaza mpaka kinang'aa. Kituoni kulikuwa na ndama mwingine aliyefiwa na mama wiki hiyo hiyo. Mzee akamchuna yule aliyekufa, ngozi akaipaka chumvi upande wa nje, akamvika yule yatima mgongoni na kuifunga kwa kamba ya katani chini ya tumbo. Akamsukuma mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena, akaanza kulamba ile chumvi. Baada ya muda ile sauti ya chini ikatoka.

"Mzee, huu ni udanganyifu," nikasema.

"Oya, hapana. Anajua. Maziwa yanamuuma, na huyu analia. Wamekubaliana wenyewe, sisi tumewatambulisha tu."

Siku ya nne ngozi ilianza kunuka tukaiondoa. Ng'ombe hakujali. Mzee Bitaliho alikuja kustaafu bila hafla, bila saa wala kitenge, akarudi Murungu kwake. Nilimtembelea mara mbili tu. Nasema hilo nikijua ni aibu.

Nikahamishiwa Kibondo, wakati huo Kasanda ilikuwa bado upande ule, haijawekwa wilaya ya Kakonko. Huko nikajulikana kwa mihadhara. Nilisimama kwenye mikutano ya kijiji na kuhimiza usafi wa mifugo mpaka sauti inakauka. Mama mmoja wa Kasanda akanisikiliza vizuri kuliko wote. Mbuzi wake alipozaa mapacha, aliwaogesha watoto wote wawili kwa maji ya moto na sabuni ya kunukia, akawafuta kwa khanga safi, akamrudishia mama yao. Mbuzi akawapiga pembe. Niliitwa nikafika mchana, nikakuta watoto wananukia kama bibi harusi na mama yao hataki hata kuwasikia.

"Si ulisema usafi?" akaniuliza yule mama, wala si kwa kejeli.

Nilikwenda mwenyewe kufukua kondo la nyuma walilokuwa wamelizika nyuma ya choo, nikawapaka wale watoto kichwa hadi mkia. Mmoja akakubaliwa. Wa pili alilelewa kwa chupa ya soda yenye kipande cha mpira, akaishi. Nikajifunza kwamba ukimhubiria mtu usafi ni lazima umalize sentensi, umwambie na pale ambapo uchafu ni wa maana. Bado naona ilikuwa bei ndogo kwa somo lile. Bei kubwa ililipwa na mtu mwingine, miaka mingi baadaye, na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Nilirudishwa Kasulu, nikapewa Titye. Ukaja mradi. Sitautaja jina, ulishafungasha na kuondoka, na watu wake wengine huenda hawakuwa wabaya. Mradi uliwapa wanawake sita ng'ombe wa maziwa mmoja mmoja, wenye mimba. Kwenye makaratasi waliandikwa chotara, yaani wamechanganywa na damu ya ng'ombe wa kizungu. Lori liliposhusha, nikaziona pembe. Walikuwa ng'ombe wetu wa Kiha, kutoka mnadani hapa hapa. Nilijua kabla hata wa pili hajashuka. Nilimwambia Mratibu, kijana nadhifu mwenye kizibao chenye mifuko mingi, na yeye akaniambia, "Mama, karatasi zimeshapita." Nikanyamaza. Andikeni hapo: nilinyamaza.

Pamoja na ng'ombe ikaja karatasi ya utaratibu, imetiwa plastiki isiloe. Ilisema ndama atenganishwe na mama siku ya nne, apelekwe kwenye banda la pamoja, alishwe kwa ndoo. Mama akamuliwe nyumbani kwa mtunzaji na maziwa yapimwe. Ng'ombe asiyetoa maziwa siku kumi na nne mfululizo atachukuliwa na kupewa mtunzaji mwingine mwenye bidii. Sisemi ndoo ni haramu. Wapo ng'ombe waliozaliwa katika ukoo wa kukamuliwa bila ndama, nimewaona, wanaachia maziwa wakisikia tu mlio wa ndoo. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili yao. Sisi tulikuwa na ng'ombe wengine, na tukaifuata hivyo hivyo. Banda lilijengwa karibu na barabara ili wageni wakija waone ndama wote mahali pamoja bila kukanyaga tope. Mradi ukaajiri mhudumu wa kuwalisha. Ufunguo wa kufuli nikapewa mimi.

Mmoja wa wale wanawake sita alikuwa Leokadia, mjane, mwenye kishamba cha migomba na maharage, mrefu, mzito wa maneno. Ng'ombe wake alikuwa wa rangi ya udongo, mwenye alama nyeupe kwenye paji, naye akamwita Bihogo. Hakuwahi kumiliki ng'ombe kabla, lakini alilelewa kwenye boma la babu yake na alijua kukamua kuliko mimi. Bihogo akazaa ndama jike. Siku tatu za dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, mama na mtoto walikaa pamoja, na Leokadia alikuwa anakuja ofisini kuniambia tu kwamba ndama ameruka, ndama amelala juani, ndama ana alama kama ya mama yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile bila kuficha. Siku ya nne nikaenda na mhudumu kumchukua.

"Anapelekwa wapi?" akauliza Leokadia.

"Bandani, mama. Kuna wataalamu watamwangalia."

"Mtaalamu wa kulamba yupo?"

Mhudumu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimsikia Mzee Bitaliho ndani ya yale maneno. Nikambeba ndama.

Bihogo akakata maziwa siku ile ile. Leokadia alivuta asubuhi na jioni akapata tone. Wenzake watano, ambao ng'ombe wao nao walikuwa wamezaa na ndama kuchukuliwa, hivyo hivyo, mmoja nusu kikombe, mwingine kikombe. Siku ya tatu asubuhi nilipofika bandani nikamkuta Bihogo amekata kamba, amekuja mwenyewe, mwendo wa nusu saa, kapita barabara kuu na shamba la mihogo la watu. Alikuwa amesimama nje ya ukuta wa mabanzi. Ndama wake alikuwa ndani, amepenyeza pua kwenye upenyo, na mama anailamba ile pua. Nilitazama chini. Maziwa yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye chuchu zote nne, yanaingia vumbini, yameshafanya tope jeupe kwenye kwato zake.

Leokadia akafika akitweta, kamba mkononi. Akaona nilichoona.

"Maziwa si hayo?" akasema. "Yaandike."

Fomu ilikuwa na nafasi ya maziwa yaliyopimwa nyumbani kwa mtunzaji. Haikuwa na nafasi ya maziwa yaliyomwagika barabarani. Sikuandika kitu. Nilimpigia simu Mratibu nikamweleza kila kitu, hata habari ya ndama kuonja kwanza, na najua sauti yangu ilikuwa ya kuomba wakati ilipaswa kuwa ya kukataa. Akasikiliza kwa heshima. Akasema ng'ombe amezoea vibaya, na suluhisho ni kuziba nyufa za mabanzi ili wasionane.

Nikanunua misumari. Nikaziba nyufa mimi mwenyewe, kwa nyundo ya ofisi, huku ndama wakilia upande wa pili. Kazi hii ina mengi ya kuchukiza, nimetia mkono ndani ya ng'ombe mwenye ndama aliyeoza tumboni na nikala chakula baada ya hapo. Siku ya ile misumari sikula, na sauti yake naisikia mpaka leo.

Maziwa ya kulisha ndama yalikuwa hayapatikani kwa sababu mama zao walikuwa hawayatoi, na walikuwa hawayatoi kwa sababu ndama hawapo. Mtu mwenye akili timamu angeona hapo. Mradi ukaleta unga wa maziwa. Mhudumu akakoroga kwa maji ya kisima, ndama wakaanza kuhara. Mmoja akafa. Taarifa ikasema ndama alizaliwa dhaifu, na mwandishi wa taarifa ile ninamfahamu, ndiye anayewaandikieni sasa.

Leokadia hakuacha kuja. Kila asubuhi alikuja bandani akasimama, akaniambia neno moja tu, "Fungua." Nami kila asubuhi nikamjibu kwamba utaratibu hauniruhusu. Hakunitukana. Alimleta Bihogo siku moja kwa kamba, ng'ombe akalia nje na ndama akajibu ndani, na mwanamke yule akanitazama usoni muda wote ule.

Siku ya kumi na nne Mratibu akaja na lori. Ng'ombe wengine walikuwa wanatoa kikombe kikombe, wakapona kwa hicho kikombe. Bihogo alikuwa hatoi kitu. Tulikwenda nyumbani kwa Leokadia tukasimama uani, Mratibu, dereva, mimi na fomu. Leokadia alikuwa amemfunga ng'ombe wake kwenye mgomba, amemfagilia pale aliposimama, kama mtu anayetarajia wageni wa heshima.

"Mleteni mwanawe hapa," akasema. "Mbele yenu. Asipotoa maziwa, mchukueni, na mimi nitamsukuma kupanda lori."

Mratibu akasema utaratibu ni ule ule kwa wote, hawezi kumbagua mtu. Leokadia akamwacha, akanigeukia mimi.

"Mama Yasinta, weye unajua."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi na ndama, ng'ombe angeachia maziwa mbele ya Mratibu na karatasi yake ya plastiki, na hakuna ambaye angeweza kuandika vinginevyo. Nilikuwa na mtoto wa kusomesha na barua ya uhamisho iliyokuwa ikizungumzwa ofisini. Nawatajia sababu hizo mzione zilivyo ndogo. Nikaandika: maziwa, hakuna. Nikaweka saini.

Wakampakia. Lori likapita barabara ile ile ya bandani, mimi nikiwa mbele na dereva na Mratibu. Tulipofika usawa wa banda, ndama wakasikia kwato zikigonga mbao, wakalia, na mmoja akalia zaidi. Bihogo akajibu. Mratibu alikuwa na simu ya kupiga, akaomba tusimame. Tukasimama pale dakika chache, na dereva akachungulia kwenye kioo cha pembeni.

"Nani kamwaga maji huko nyuma?" akauliza.

Nikashuka. Maziwa yalikuwa yanapita katikati ya mbao za lori, yanachuruzika barabarani, mengi, ya kutosha kumpa Leokadia haki yake na kubaki. Mratibu aliyaona. Aliyatazama akiwa na simu sikioni. Akamaliza kuongea, akapanda, akasema twende, tumechelewa.

Mimi sikupanda. Nilisimama pale mpaka lori likapotea kwenye kona, na ndama yule hakunyamaza. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira ya kuua mtu, na mtu mwenyewe wa kumuua nilikuwa naye, tunatembea pamoja.

Asubuhi iliyofuata, kabla mhudumu hajafika, nikafungua kufuli. Ndama mmoja mwingine nilimkuta amekufa, wa Mama Bahati, mmoja wa wale wanawake sita, jirani wa Leokadia. Waliobaki wanne nikawatoa. Watatu niliwarudisha kwa mama zao, boma moja baada ya jingine, na mahali pote nikasikia ile sauti ya chini. Wa nne alikuwa wa Bihogo. Nikamfikisha kwa Leokadia, nikamweka uani, penye ule mgomba. Leokadia akamtazama ndama, akanitazama mimi.

"Umeniletea mtoto," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Nilimtafuta Bihogo kwenye minada yote ya Kasulu na Kibondo, nikitazama kila paji lenye alama nyeupe. Niliambiwa yule mtunzaji mwenye bidii alishindwa naye vile vile, akauzwa.

Kitu kimoja nilichoweza kufanya ni kile nilichofundishwa na kibarua. Nikamchuna ndama wa Mama Bahati, nikapaka ngozi chumvi, nikamvika mtoto wa Bihogo, tukampeleka kwa ng'ombe wa Mama Bahati. Ilichukua mpaka mchana. Wale wanawake wawili walimshika ng'ombe kila mmoja upande wake na hawakunisemesha. Ng'ombe akanusa, akakataa, akanusa, akalamba. Maziwa yakashuka. Mama Bahati akalia. Leokadia alisema, "Mwacheni anyonye yote leo," akaondoka kwenda shambani.

Nilipata barua ya onyo kwa kufungua banda bila idhini. Ninayo, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Mradi ulipofunga, taarifa yao ya mwisho ilisema kazi ilikwamishwa na mwamko mdogo wa jamii. Someni tena hayo maneno. Mwanamke aliyesimama mlangoni siku kumi na moja akisema "fungua" ndiye mwenye mwamko mdogo.

Ndama yule akakua, akarudi kwa Leokadia, akazaa, na watoto wake wakazaa. Leokadia anauza maziwa Titye nzima. Miaka yote hiyo tukikutana njiani ananisalimu vizuri, "Mwakeye, Mtaalamu," na hajawahi kuniita tena Mama Yasinta wala kunikaribisha ndani ya boma lake. Ng'ombe wake wakiumwa alikuwa anamwita mwenzangu wa kata ya pili. Sikumlaumu.

Sasa nifike kwenye ufunguo. Wiki mbili baada ya kuagwa, mmoja wenu alinipigia simu, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, tunauliza kuhusu ule ufunguo wa banda la Titye. Kuna mradi umekuja, tunalikarabati. Ndama watakuwa wanakaa pale."

"Ng'ombe ni wa aina gani?" nikauliza.

"Chotara, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Umewaona?"

"Bado, mama. Karatasi ndiyo imekuja kwanza."

Akanitumia hiyo karatasi kwenye simu. Haina plastiki safari hii, lakini ni ile ile. Ndama atenganishwe siku ya nne. Nikaisoma nimesimama, nikasikia misumari. Sikumjibu kijana yule, kwa sababu yote niliyotaka kumwambia yalikuwa matusi, na hakuwa amefanya kosa. Bado.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Titye nikafika saa ya kukamua asubuhi. Nilisimama nje ya boma la Leokadia, nikapiga hodi. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wa rangi ya udongo, ndama amefungwa kwenye mguu wa mbele, mama anamlamba masikio. Hakusema karibu, wala hakunifukuza. Nikaingia. Nikamwambia kuna mradi mwingine, karatasi ni ile ile, na wanautaka ufunguo. Nikautoa kwenye mkoba nikampa.

Akaacha kukamua. Akautazama kwenye kiganja, akaugeuza upande wa pili.

"Ungenipa siku ile," akasema.

"Ego," nikasema.

Akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akamfungua ndama amalizie.

Kwa hiyo msinipigie tena. Najua kufuli linakatwa kwa msumeno kwa dakika mbili, na najua saini huwekwa kwa muda mfupi kuliko huo. Ufunguo anao Leokadia wa Titye. Mkiutaka, nendeni mkamwombe yeye, na karatasi yenu muibebe mkamsomee. Nendeni asubuhi, wakati wa kukamua, na kabla ya kufungua mdomo simameni mtazame nani anaanza.